Printa Mbili za Mama Mkwe

Alhamisi ile mji wa Debre Birhan uliamka na baridi yake ya siku zote. Watu walipita barabarani wamejifunika mashuka mazito mpaka puani. Lakini ndani ya mgahawa wa Yeshimebet kulikuwa na joto. Jiko lilikuwa limewashwa tangu alfajiri, na siagi ilinukia mpaka nje. Lulit, mke wa mwana wa Yeshimebet, alikuwa anapanga viti. Kila kiti alikibwaga chini kwa kishindo.

"Viti vyangu vimekukosea nini?" Yeshimebet aliuliza kutoka jikoni.

"Havijanikosea kitu, Etete," Lulit alijibu.

Kila mtu pale mtaani alimwita Yeshimebet "Etete", kama anavyoitwa mama mtu mzima kwa heshima. Lulit naye alimwita hivyo. Lakini siku hizi alilitamka neno hilo kama mtu anayetema mchanga uliomo kwenye wali. Alikuwa na hasira kabla hata mteja wa kwanza hajaingia, kwa sababu alijua leo ni siku gani. Ilikuwa Alhamisi, na Alhamisi ilikuwa siku ya balaa.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Kwa Wakristo wa pale, Jumatano na Ijumaa ni siku za mfungo. Siku hizo wateja wa Etete hawali nyama, hawanywi maziwa, hawagusi siagi wala yai. Wanakula injera, ule mkate mpana mwembamba, kwa dengu, mboga na shiro, mchuzi wa unga wa dengu. Siku nyingine wanakula nyama. Kwa hiyo Etete alikuwa na majiko mawili. Jiko la nyama lilikuwa upande wa uani. Jiko la mfungo lilikuwa nyuma ya kaunta, ng'ambo ya ukuta. Sufuria ya huku haikwenda kule. Hata kitambaa cha kufutia mikono hakikuvuka.

Kila Jumatano usiku Etete alilifunga jiko la mfungo kwa kufuli. Halikufunguliwa tena mpaka Ijumaa alfajiri, na Ijumaa usiku alilifunga tena mpaka Jumatano. Ufunguo aliutunza mwenyewe.

"Mkono ulioshika siagi hauingii humu," alikuwa akisema. "Hata kama ni mkono wa askofu."

Wiki chache nyuma, mwanawe Dagim alileta kishikwambi. Dagim ni mume wa Lulit, na anafanya kazi kwenye kiwanda cha mablanketi. Alileta pia printa mbili ndogo, moja ya kila jiko, maana alimjua mama yake. Kazi ikawa rahisi. Mteja anamwambia Lulit anachotaka. Lulit anagusa kishikwambi, kisha anabonyeza Tuma. Huko jikoni printa inatoa karatasi yenye oda, bila waya wowote. Etete anaichana, anaisoma, anapika.

Jumatatu ilifanya kazi. Jumanne ilifanya kazi. Jumatano pia. Lakini Alhamisi ilipofika, Lulit alituma oda, na jikoni hakikutoka kitu. Jumamosi vilevile. Wiki iliyofuata, Alhamisi na Jumamosi tena. Kama homa ya vipindi!

Jioni ya siku kama hizo Dagim alirudi kutoka kazini. Alibonyeza hapa, akabonyeza pale, akazima, akawasha, akabonyeza tena. Ghafla printa ya jiko la nyama ikatoa karatasi.

"Umefanya nini?" Lulit aliuliza.

"Sijui," Dagim alisema. "Imekubali tu."

Huko ni kubahatisha, wala si kutengeneza. Anayebahatisha leo atabahatisha na kesho, na mwenye kulipa ni mtu mwingine kabisa. Hapa aliyelipa alikuwa Lulit.

Jumamosi iliyopita wateja walikuwa wamejaa. Etete alitoka jikoni ameshika mwiko.

"Oda ziko wapi?"

"Nimetuma, Etete. Zote."

"Hakuna karatasi hata moja!"

"Lakini hapa panasema imeunganishwa. Tazama mwenyewe."

"Nitazame nini? Mimi nina macho, na macho yangu hayaoni karatasi. Wewe ni mwongo!" Watu wote ukumbini waligeuka. "Unakaa hapo unachezea kioo, halafu unasingizia mashine. Unataka mgahawa wangu ufe, ili umchukue mwanangu mwende mji mkubwa. Nakujua! Ikitokea tena, funga mizigo yako urudi kwenu Adama."

Lulit alisimama pale uso ukimuwaka. Waliosikia walikuwa majirani, walimu, madereva, watu anaokutana nao kila siku sokoni. Tangu hapo kila mtu alimtazama kama aliyeiba kuku. Dagim alimwambia mama yake, "Akienda yeye, na mimi naenda." Etete alijibu kwamba mlango ni mpana, watapita wote wawili.

Kwa hiyo Alhamisi hii haikuwa ya mchezo. Leo Lulit ama angebaki katika nyumba hii, ama angefukuzwa kama mwongo.

Saa sita mchana wateja waliingia. Wa kwanza alikuwa mwanamke mrefu mwenye begi kubwa jeusi. Aliitwa Bizuayehu. Alikuwa muuguzi, na watu walimwita Sista. Kazi yake ilikuwa kuzunguka shuleni kupima masikio ya watoto.

"Nipe tibs," alisema. "Nyama iliyokaangwa vizuri, pilipili nyingi. Sijala tangu jana mchana. Na upesi, dada, shule ya pili wananingoja."

Lulit aliandika. Alibonyeza Tuma. Kishikwambi kikaandika: *Imeunganishwa. Oda imetumwa.*

Akaja mteja wa pili, wa tatu, mpaka meza zikajaa. Lulit alituma oda zote. Hakuna sahani iliyotoka. Alikwenda mpaka mlango wa jiko la nyama akachungulia. Etete alikuwa amekaa juu ya kigoda, mikono kifuani, sufuria tupu.

"Karibu," Etete alisema polepole. "Umekuja kuniambia umetuma?"

"Nimetuma, Etete."

"Na karatasi?"

Printa ilikuwa juu ya rafu. Taa yake ya kijani iliwaka. Haikuwa imetoa kitu.

Etete alinyanyuka. Hakupiga kelele, na hilo lilikuwa baya zaidi. Alichukua kichupa cha maji ya baraka kutoka dirishani, akatoka nacho mpaka kaunta. Alikinyanyua juu ya kishikwambi. Lulit alikinyakua kishikwambi akakikumbatia.

"Usikimwagie maji! Kitakufa!"

"Unakataa maji ya baraka?" Sasa Etete alipiga kelele. "Jamani mmemsikia? Anayaogopa maji ya baraka! Nilisema mimi, ndani ya kitu hiki mna jambo. Na anayekilinda ana lake jambo!"

"Mimi nina jambo gani? Nifanye nini zaidi? Natuma! Natuma! Natuma!" Lulit alikuwa analia kwa hasira. "Tangu niingie nyumba hii sijakudanganya hata siku moja, na wewe unanitukana mbele ya watu kama mbwa!"

"Sauti hiyo unamtolea nani? Nenda kafunge mizigo. Sasa hivi!"

Kwenye meza ya dirishani kulisikika kishindo. Sista Bizuayehu alikuwa amepiga meza kwa kiganja.

"Hafungi mtu mizigo hapa kabla sijala!" alisema. "Mimi nimekuja kula, sikuja kutazama ngumi. Nina njaa mpaka masikio yanavuma. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Leteni hicho kishikwambi."

"Sista, hili ni jambo la nyumba yangu," Etete alisema.

"Lilikuwa la nyumba yako mlipokuwa mnagombana chumbani. Sasa liko juu ya tumbo langu. Dada, njoo hapa."

Lulit alikwenda, akakiweka mbele yake. Sista hakukigusa.

"Kishike wewe," alisema. "Nikitengeneza mimi, nikiondoka nitaondoka nao ujuzi. Jambo la kwanza. Blututhi imewashwa?"

"Blututhi ndiye nani?" Etete aliuliza kwa ukali. "Ni jini?"

"Si jini, Etete. Ni njia ya hewani. Vifaa viwili vikiwa karibu, vinaongea bila waya. Kama mimi na wewe tunavyoongea sasa bila kushikana mikono."

"Sisi hatuongei, tunagombana."

"Hata kugombana ni lazima tuwe karibu. Ukienda mtaa wa pili hunisikii. Na hivi vifaa ni hivyohivyo. Dada, imewashwa?"

Lulit aligusa mipangilio. "Imewashwa."

"Vizuri. Na printa? Imewashwa? Ina chaji? Ina karatasi? Usiniambie nadhani. Kaangalie."

Lulit alikwenda jiko la nyama, akarudi. "Taa ni ya kijani. Waya wa chaji umechomekwa. Karatasi imo."

"Kutoka hapa mpaka pale ni hatua chache, basi umbali si tatizo. Haya, sasa nionyeshe kimeunganishwa na nini."

"Nimeshaona mara mia," Lulit alisema. "Panasema imeunganishwa. Ndiyo maana naitwa mwongo!"

"Kimeunganishwa, sawa. Na nani?"

Hakuna aliyewahi kumwuliza Lulit swali hilo. Alifungua orodha ya vifaa. Palikuwa na mistari miwili. Wa kwanza uliandikwa *Printa 58*. Wa pili nao uliandikwa *Printa 58*. Chini ya mmoja tu paliandikwa *Imeunganishwa*.

"Ziko mbili?" Sista aliuliza.

"Moja ya nyama, moja ya mfungo."

"Na zote zina jina moja?"

"Zimetoka kiwandani hivyo."

Sista alishusha pumzi. "Etete, nikuulize. Ungezaa mapacha, ukawaita wote wawili Tesfu. Ukiita, 'Tesfu, njoo!' Atakuja nani?"

Etete alifikiri huku amekunja uso. "Atakuja aliye macho," alisema. "Aliyelala hasikii."

"Umesema mwenyewe. Niambieni, shida hii huja siku gani?"

"Alhamisi na Jumamosi," Lulit alijibu haraka. "Siku hizo tu."

"Siku inayofuata mfungo," Sista alisema. "Na ile printa ya jiko la mfungo, jana usiku mliizima?"

Lulit alimtazama Etete. Etete alitazama pembeni.

"Nilizima taa," alisema. "Nilizima moto. Nilifunga kufuli. Kale kadude sikukagusa. Ka jiko la nyama hukazima Dagim kila jioni, lakini humu hana ufunguo."

"Dada, tuma oda yangu tena. Na nyinyi nyote, nyamazeni kidogo."

Ukumbi ulinyamaza. Dereva mmoja alikuwa anakunywa chai, akasimamisha kikombe mdomoni. Lulit alibonyeza Tuma.

Nyuma ya kaunta, ndani ya jiko lililofungwa, kitu kilikwaruza. *Krii, krii, krii.*

"Panya," Etete alisema. "Wananisumbua mwezi huu."

"Panya gani anayelia kila mtu akiagiza nyama?" Sista aliuliza. "Dada, tuma tena."

*Krii, krii, krii.*

Watu wakaanza kucheka. Lulit hakucheka. Alikuwa ameshika ukingo wa meza, macho kwenye kufuli la jiko la mfungo.

"Fungua, Etete," alisema.

"Mikono yangu ina siagi."

"Basi ioshe. Uliponitukana hukusubiri kunawa."

Hakuna aliyewahi kumsikia Lulit akisema hivyo. Etete alikwenda bombani, akanawa kwa sabuni mpaka viwiko. Alibadilisha mtandio, akavaa mweupe safi. Kisha akafungua kufuli.

Karatasi zilikuwa zimetoka kwenye printa, zikashuka kwenye rafu mpaka sakafuni. Taa ya kijani iliwaka gizani. Tibs moja, pilipili nyingi. Tibs mbili. Mchuzi wa kuku. Tibs moja, tibs moja, tibs moja. Oda zote za Lulit zilikuwa pale. Zilikuwa zimefika vizuri kabisa, ila jiko lenyewe halikuwa na mtu.

Etete aliokota karatasi moja. "Ijumaa iliyopita nilikuta karatasi hapa chini," alisema kwa sauti ndogo. "Na Jumatano. Nilidhani ni takataka za siku ya mfungo. Niliwashia mkaa."

Mtu angefikiri hasira ya Lulit ingeshuka baada ya hapo. Haikushuka, ilipanda. Alipokuwa hajiamini hata yeye mwenyewe, hasira ilichanganyika na woga. Sasa woga ulikuwa umekwisha, ikabaki hasira tupu. Oda zake zimekuwa pale siku zote! Na mama mkwe wake amezichoma kwa mkono wake, kisha akatoka nje kumwita mwongo.

"Kasirika baadaye," Sista alimwambia. "Sasa tengeneza. Kwanza izime hiyo ya mfungo, Etete, wewe uliyenawa. Umezima? Vema. Dada, kwenye orodha, gusa printa ya kwanza. Unaona neno *Sahau*? Libonyeze. Halafu ya pili, vilevile."

"Zote mbili? Zikisahauliwa tutazipataje?"

"Tutajuana nazo upya, moja moja. Ukiziwasha zote kwa pamoja utachanganyikiwa kama mwanzo. Sasa iliyo macho ni ya nyama peke yake. Mwambie kishikwambi kitafute."

Kishikwambi kilitafuta. Jina moja likatokea: *Printa 58*. Lulit alibonyeza *Oanisha*. Kikaomba namba ya siri. Namba ilikuwa imebandikwa chini ya printa. Aliisoma, akaiandika, vikashikana.

"Usikimbie," Sista alisema. "Ipe jina lake. Bonyeza hapo pembeni, pana kialama cha kubadilisha jina. Andika *NYAMA*. Sasa nenda kwenye programu ya oda, uchague hiyo. Tuma karatasi ya majaribio."

Printa ya jiko la nyama ikatoa karatasi. Dereva wa chai alipiga makofi.

"Usipige makofi, bado moja," Sista alisema.

Walizima ya nyama, wakawasha ya mfungo. Lulit alifanya yote tena, safari hii bila kuambiwa. Aliandika jina: *MFUNGO*. Alituma majaribio, karatasi ikatoka nyuma ya ukuta. Kisha Etete akaizima, akafunga kufuli. Lulit naye akawasha ya nyama, akachagua *NYAMA*, akatuma oda zote upya.

"Umejuaje mambo haya, Sista?" mteja mmoja aliuliza.

Sista aligonga begi lake jeusi. "Humu nina vipokea sauti vya masikioni. Vingi, na vyote vilikuja na jina moja. Watoto wakikaa mezani wawili wawili, mmoja anasema hasikii kitu, mwenzake anasema anasikia milio miwili. Siku hiyo nikajua ni lazima kila kimoja kiwe na jina lake. Nimeviita majina ya matunda. Watoto wanagombania cha embe."

"Na ikikataa tena?" Lulit aliuliza.

"Uliza mambo yale yale. Imewashwa? Ina chaji? Iko karibu? Kimeunganishwa na ipi? Ikikataa bado, zima vyote viwili uwashe. Ikikataa bado, sahau na uoanishe upya kama ulivyofanya sasa. Hapo ikishindikana, tafuta fundi. Na kila usiku mkifunga jiko, zimeni printa ya jiko hilo, kama mnavyozima moto. Asubuhi chagua jina la jiko la siku hiyo, utume karatasi ya majaribio kabla mteja hajaingia. Mteja asiwe ndiye majaribio!" Alimgeukia Etete. "Na usimwagie kifaa maji, Etete, hata yenye baraka. Maji ya baraka ni ya watu. Sasa, jamani, nyama yangu!"

Etete alirudi jikoni. Alipika kwa haraka kuliko siku zote. Lulit alipokuja kuchukua sahani, Etete alimsogezea bila kumtazama.

"Basi," alisema. "Yameisha. Mpelekee Sista."

Lulit alichukua sahani. Akageuka, akaondoka nayo.

Jioni Dagim alirudi, akamkuta mkewe chumbani anakunja nguo. Begi lilikuwa wazi kitandani.

"Nimesikia mashine imepona," Dagim alisema. "Sasa begi la nini?"

"Mashine imepona. Mimi je?" Lulit aliitupa blauzi ndani ya begi. "Aliniita mwongo ukumbi mzima ukisikia. Leo kasema yameisha, jikoni, tuko wawili. Waliosikia ni sufuria! Nikienda sokoni, sufuria zitanisafishia jina? Jumapili naondoka."

"Mama ni mtu mzima, Lulit. Kusema hivyo kwake ni kama ameomba radhi."

"Basi na kuondoka kwangu ni kama nimebaki. Nenda ukalale."

Dagim hakulala. Alikwenda kwa mama yake. Lulit hakusikia mumewe alisema nini. Alisikia sauti ya Etete tu ikipasua ukuta. "Mimi? Nimwombe radhi mkwe wangu mbele ya walaji wa tibs?"

Ijumaa ilipita bila maneno. Asubuhi Lulit alichagua MFUNGO, karatasi ikatoka. Usiku, kabla ya kufunga kufuli, Etete alisimama mlangoni mwa jiko akasema kwa sauti, bila kumtaja mtu, "Nimezima printa!" Lulit alisikia akaendelea kufuta meza.

Jumamosi asubuhi Lulit alichagua NYAMA. Alituma karatasi ya majaribio kabla hajafungua mlango wa mbele.

"Imetoka!" Etete aliita kutoka uani.

Wateja wakaja. Walikuwa wengi kuliko kawaida, maana habari ya panya anayeagiza nyama ilikuwa imezunguka mji mzima. Sista Bizuayehu alikuja na wenzake wawili. Lulit alituma oda, sahani zikatoka. Hakuna aliyesubiri mpaka akasinzia. Hakuna aliyeletewa chakula cha mwenzake. Lulit alikwenda meza hadi meza, kishikwambi mkononi, na kazi yote ilikuwa nyepesi. Lakini hakutabasamu. Begi lilikuwa limefungwa tayari chumbani.

Ukumbi ulipojaa kabisa, Etete alitoka jikoni. Mkononi alishika sinia dogo la injera na nyama. Alitembea mpaka katikati, akasimama mbele ya Lulit. Alikata kipande cha injera, akakizungushia nyama, akaviringa tonge kubwa. Kisha akalinyanyua mpaka mdomoni kwa Lulit.

Kwa watu wa pale, kumlisha mtu kwa mkono wako ni jambo kubwa. Kulikataa tonge ni jambo kubwa zaidi. Wateja waliacha kutafuna.

Lulit alifunga mdomo. Alimtazama mama mkwe wake machoni.

"Kula," Etete alisema.

"Sili," Lulit alisema. "Matusi nililishwa mbele ya watu. Sitabembelezwa kimyakimya. Sema kwanza."

Mkono wa Etete ulibaki hewani. Mchuzi ulichuruzika mpaka kwenye kiwiko. Uso wake ulibadilika rangi, na Lulit alijiandaa kwa matusi mengine. Lakini Etete aliugeukia ukumbi.

"Mlionisikia Jumamosi iliyopita, nisikieni na leo," alisema kwa sauti ile ile ya ugomvi, kwa sababu hakuwa na nyingine. "Nilimwita huyu mtoto mwongo. Sikumpa nafasi ya kujieleza. Sikukagua kitu. Oda zake zilikuwa jikoni kwangu, chini ya kufuli langu, na nilizichoma kwa mkono huu huu."

"Etete, nyama inapoa," dereva mmoja alisema.

"Nyamaza wewe, sijamaliza!" Alimgeukia Lulit. "Hakudanganya. Hakuniibia. Hakutaka kuniua mgahawa. Ni mimi niliyekosa. Nisamehe, Lulit."

Lulit hakufanya haraka. Alimwacha asubiri kidogo, mkono hewani, mpaka watu wote waone vizuri. Kisha akafungua mdomo.

Lilikuwa tonge kubwa, na pilipili yake haikuwa na huruma. Lulit alitafuna taratibu, akameza. Etete alianza kuondoka na sinia lake.

"Unakwenda wapi?" Lulit alimwuliza. "Tonge moja ni la ugomvi, Etete. Lete la pili, la kupatana."